Shamba la Mzee Saanane

Ukitaka kujua ni nani na nani wamewahi kujiona wenye mali katika ukanda huu wa ziwa, soma majina. Ziwa lenyewe, Victoria, limebeba jina la malkia wa Uingereza ambaye hakuwahi hata kulinawa uso. Ghuba ile kubwa ya upande wa Ukerewe inaitwa Speke, kwa sababu Mwingereza mmoja alifika hapa tarehe 3 Agosti 1858, akaliangalia ziwa kutoka mlimani, kisha akarudi kwao kubishana na wenzake. Lile jiwe la karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo kila mgeni lazima alipige picha, tunaliita Bismarck. Huyo alikuwa kansela wa Ujerumani, na Afrika hakuikanyaga maisha yake yote.

Halafu, kilomita kama mbili tu kutoka katikati ya mji wa Mwanza, kipo kisiwa chenye jina la Mzee Saanane Chawandi. Alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kilikuwa chake. Katika orodha yote hiyo ni yeye peke yake aliyelowa maji ya ziwa hili akitafuta kitoweo.

Siku hizi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane inasemwa sana. Maharusi wanakwenda kupiga picha, wanafunzi wanapelekwa kwa makundi, wageni wa mikutano wanapewa nusu siku ya kutembea kule. Kinachosemwa ni swala, pimbi na mandhari ya jiji. Vyote ni kweli na vyote ni vizuri. Mimi nataka kuzungumzia shamba.

Nijitambulishe kwanza. Nauza nyavu Kirumba, hatua chache kutoka soko la samaki la Mwaloni, na nimekulia Igogo, upande ambao ukishuka ziwani kuchota maji kisiwa kile kinakukodolea macho. Siyo mtu wa chuo. Ila kazi yangu ni ya kusikiliza wazee, maana mvuvi akija kununua wavu hanunui kimya kimya. Atakueleza wavu wa mwisho ulichanwa na nini, wapi, na zamani pale palikuwa na nini.

Historia rasmi ya kisiwa ni fupi. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano, serikali ilikichukua na kukifanya bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali katika nchi hii. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na mpaka leo ndiyo ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, ukijumlisha visiwa vidogo vitatu na maji yanayovizunguka. Msukuma mwenye ng'ombe wengi anaweza kukucheka ukimwambia hiyo ni hifadhi ya taifa.

Lakini hiyo 1964 usiipite haraka. Nchi ilikuwa changa na ilikuwa imeshaahidi mbele ya dunia, kwa kauli ya Mwalimu Nyerere kule Arusha mwezi Septemba 1961, kwamba itawatunza wanyama wa porini. Chuo cha Mweka kikafunguliwa 1963 kufundisha watu wa kazi hiyo. Sasa shida ilikuwa moja: mwananchi wa kawaida wa Mwanza alimwona tembo wapi? Serengeti haiko mbali nasi. Kwa barabara ya leo, lango la Ndabaka ni safari ya saa mbili hivi. Ila mbuga bila gari haiingiliki, na gari mwaka ule lilikuwa la mkubwa au la mzungu. Basi ikaamuliwa wanyama ndio wawafuate watu. Kisiwa cha mjini, kimezungukwa na maji, hakihitaji uzio mrefu, na mtu wa Igogo anaweza kwenda na kurudi kabla ya jua kuzama.

Kati ya 1964 na 1966 wakaletwa nyati, pofu, tembo, twiga, faru, pundamilia, nyamera, ngiri, nungunungu, mamba na wengine. Mimi kila nikipakia marobota ya nyavu kwenye boti, nikamwona nahodha anavyolalamika mzigo ukielemea upande mmoja, huwa namfikiria yule aliyepewa kazi ya kumvusha twiga.

Kisiwa kilikuwa pia kituo cha njiani. Wanyama waliokuwa wakipelekwa Rubondo, kusini-magharibi mwa ziwa, walipumzishwa Saanane kwanza. Rubondo nayo ina habari yake inayofanana na hii, na mara nyingi inasimuliwa kwa upande mmoja tu: kwamba ilifanywa pori la akiba mwaka 1965 na hifadhi ya taifa mwaka 1977, na kwamba kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa huko sokwe waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, kwa kazi ya shirika la wanyama la Frankfurt, Ujerumani. Sokwe waliozoea vizimba na mvua ya Ulaya wakarudishwa msituni, wakazaana, na wajukuu wao wapo. Ni habari tamu kweli. Ila Rubondo ilikuwa na wavuvi na wakulima, na hao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara. Sokwe wameandikwa kwa vizazi vyao. Wavuvi wamepewa sentensi moja.

Sisi watoto wa Igogo hayo hatukuyajua. Kwetu kisiwa kilikuwa "zuu". Shule ilitupeleka, tukiwa na mihogo ya kuchemsha na karanga kwenye mifuko ya kaptula, na ninachokumbuka zaidi ya wanyama wenyewe ni harufu ya vizimba na mwalimu aliyekuwa akituhesabu kila tulipokata kona. Wakati huo ukiuliza Saanane ni nani unaambiwa usiulize maswali, utabaki nyuma.

Aliyenirudisha kule ni shangazi yangu wa Ukara. Alikuja mjini kutibiwa macho, na akisubiri tarehe yake ya kurudi kliniki nikamuuliza anataka nimtembeze wapi. Wageni wetu wote wa visiwani huomba kupelekwa Rock City Mall wakapande ngazi za umeme. Yeye akasema, "Nipeleke kwa Saanane," kwa sauti ya mtu anayekwenda kumjulia hali jirani.

"Shangazi, ulimfahamu?"

"Sikumfahamu. Ila wazee wetu waliokuwa wakija Mwanza kuuza samaki walikuwa wakimtaja. Kisiwa cha fulani kina mwenyewe, huwezi kupasahau."

Tukaenda. Ofisi ya hifadhi iko Kapripoint, unalipa kiingilio pale, unavalishwa boya, unapanda boti, na kabla hujamaliza kumjibu mtu simu umefika. Kijana wa boti alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitikia "Marahaba mwanangu" huku akikaza kamba za boya mpaka nikaogopa hatapumua. Sikumwambia kitu. Watu wa Ukara tangu MV Nyerere ilipozama mwezi Septemba 2018, ikikaribia gati la nyumbani, hakuna anayewafundisha kuvaa boya.

Sasa nieleze kitu kuhusu Ukara kwa wasioijua, maana bila hicho hutaelewa alichokiona. Ukara ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 80, mawe kila upande, na watu wamejaa tangu enzi na enzi. Hakuna pa kuhamia shamba likichoka, kwa hiyo Wakara walijifunza zamani kuilisha ardhi. Wanafuga ng'ombe ndani, wanawaletea majani, samadi inakusanywa na kurudishwa shambani. Kati ya uwele wanapanda marejea, kisha wanayafukia yawe mbolea. Miteremko wanaijengea kingo za mawe ili udongo usiende ziwani. Wataalamu wa kilimo wa kigeni wamekwenda kuwatazama tangu wakati wa Mwingereza na kuandika kwa mshangao. Shangazi hajui kama ameandikwa. Ila ukimpa jiwe na kiganja cha mchanga, atakuambia patatoka debe ngapi.

Tulipofika, kijana mwongozaji akaanza vizuri: kisiwa kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima. Kisha akatugeuza kuelekea kwa swala pala. Shangazi hakugeuka. Alikuwa ameshaangalia chini.

"Mtumbwi wake aliufunga upande huu," akasema, akionyesha ufuko mdogo unaotazama bara. "Mchana upepo unatoka ziwani. Angeufunga kule, angeukuta vipande vipande."

Mwongozaji, kijana mwerevu, akaacha habari za swala akaanza kumfuata yeye.

Kisiwa, kama Mwanza nzima, ni mawe ya granaiti yaliyopandana. Mgeni huona mawe akasema hapa halimwi kitu. Shangazi akainama chini ya jiwe moja kubwa lenye mgongo mpana, akachota udongo, akausugua kati ya vidole. Mchanga mwekundu-kijivu, ule Wasukuma wanaouita luseni, unaotokana na granaiti yenyewe kumomonyoka. Ni mwepesi kulima, haushiki maji, unachoka haraka.

"Hapa ni pazuri," akasema.

Nikamwambia, "Shangazi, hapa ni mawe matupu."

"Baba, jiwe halinywi mvua. Mvua yote inayoanguka juu ya mgongo wa hili jiwe inashuka kwenye hiki kipande hapa. Huyu mzee alikuwa na mvua mara mbili. Muhogo pale. Hapa chini mtama, au uwele. Kule penye unyevu viazi. Kunde zingetambaa huku, kama si hawa." Hawa ni pimbi. Walikuwa wamejipanga juu ya jiwe kumi au kumi na wawili, wanaota jua na kututazama kwa dharau. Mwongozaji akaeleza kwamba pimbi, pamoja na udogo wake, ana undugu wa mbali na tembo. Shangazi akasema undugu huo unaonekana kwenye kula.

Tukapanda taratibu. Akaona mjusi wa mawe, yule dume wa nusu ya juu rangi ya waridi na nusu ya chini bluu, ambaye watalii wanampenda kwa sababu anafanana na Spider-Man wa sinema. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, yaani wataalamu walimpa jina la mji wetu. Hakumsisimua. Tumbili hawakumsisimua. Kima wa De Brazza, yule mwenye ndevu nyeupe za kizee, hatukubahatika kumwona. Alichokuwa akikitafuta yeye ni mnyaa.

Kwa ndugu zangu wa mijini: mnyaa ndio uzio wa asili wa boma katika ukanda huu. Nyumba ya udongo na makuti au nyasi haidumu, ikiachwa miaka michache imerudi ardhini. Mnyaa unabaki, unanenepa, unakuwa mti. Ukikuta minyaa imesimama mstari porini, jua hapo palikuwa na mlango na mtu alikuwa akiitwa kula. Shangazi alitaka kuona uwanja wa nyumba ulikuwa wapi. Hatukuuona mstari wowote. Miaka sitini ya kuachwa pori liwe pori, pamoja na nyati na pofu waliopita juu yake, ni kazi tosha.

Upande wa maji ndio wangu. Hapo na mimi nilikuwa na la kusema.

Mzee Saanane alivua ziwa tofauti na hili tunalolijua. Mtu akitamka Mwanza na samaki leo, anamaanisha sangara, viwanda vya minofu, mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, yanayonunuliwa kwa bei ya dhahabu, na dagaa wa Mwaloni wanaokwenda mpaka Kongo. Sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda kuanzia miaka ya 1950, na ghuba ya Mwanza aliijaza miaka ya 1980. Mwaka 1964 bado ziwa hapa lilikuwa la sato, ningu, hongwe, kambale, kamongo, gogogo, na zaidi ya wote furu. Furu walikuwa wa kila rangi na kila umbo, mamia ya aina. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kuwachunguza katika ghuba hii hii mwaka 1977, na kabla hawajamaliza kuwapa majina sangara akawa ameshawatafuna wengi wao. Wazee wanaokuja dukani kwangu wanasema furu alikuwa samaki wa watoto: unashika ndoana ndogo, kipande cha mnyoo, unakaa juu ya jiwe, na jioni mama ana mboga. Mawe ya Saanane yanayoingia majini, yenye mapango mapango, ndiyo hasa nyumba ya furu wa mawe.

Kuhusu zana, nyavu za kuning'iniza za kitani zililetwa ziwani mara ya kwanza mwaka 1905 upande wa Kavirondo, kule Kenya, na watu wakaacha polepole migono na uzio wa matete. Nailoni ikaja miaka ya 1950. Mtu asiyevua hawezi kujua hayo yalikuwa mageuzi ya namna gani. Wavu wa kitani au wa pamba unaoza. Kila ukitoka ziwani lazima uuanike, uukaushe, uurekebishe, na baada ya muda unautupa. Kwa mvuvi wa wakati huo nafasi ya kuanikia ilikuwa mali sawa na mtumbwi. Sasa angalia kisiwa kile kwa macho ya mvuvi: mawe mapana, safi, yanayopata jua toka asubuhi mpaka jioni, hayana mchwa wala ng'ombe wa jirani wa kukanyaga. Nikamwonyesha shangazi jiwe moja, nikamwambia hapa mimi ningeanika nyavu zangu. Akakubali, na mwongozaji akaniambia ndipo watu wanapopenda kukaa kula chipsi zao.

Soko lilikuwa mbele yake. Mji wa Mwanza ulipata reli mwaka 1928, ikitokea Tabora, na kwa sensa ya 1967 ulikuwa na watu karibu 35,000. Hospitali ya Bugando, ile inayoonekana leo juu ya kilima kutoka popote uliposimama ziwani, haikuwepo, ilifunguliwa 1971. Milima ilikuwa mawe na majani. Mtu anayekaa Saanane alikuwa anapiga makasia asubuhi na samaki wabichi, anauza, ananunua chumvi na mafuta ya taa, anarudi kwake kabla ya upepo wa mchana. Mjini yupo na mjini hayupo. Nani asingependa maisha hayo?

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo halitajwi kwenye habari za kisiwa, nalo ni maji. Mwisho wa mwaka 1961, nchi ikisherehekea Uhuru, ilinyesha mvua ambayo wazee wote wa ziwani wanaikumbuka. Ziwa likaanza kupanda, likapanda mwaka uliofuata, likapanda tena, na kufika 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Shangazi alikuwa msichana mdogo. Anasema kwao maji yalichukua mashamba ya viazi, yakachukua njia, wakahamisha makaburi mawili. Tuliishuhudia sura hiyo tena mwaka 2020, hoteli za ufukweni zikiingiwa na maji mpaka kwenye viti, lakini hatukuwa na shamba chini. Kwenye kisiwa kidogo, ardhi bora ya kulima mara nyingi ni ule mkanda wa chini wenye unyevu. Kwa hiyo mwaka serikali inakuja kukichukua kisiwa, ziwa lilikuwa limekwisha kujimegea sehemu yake bila kuuliza.

Nimekuwa nikisema kisiwa kilikuwa chake, na najua kuna mwanasheria ataguna. Mwingereza mwaka 1923 alipitisha sheria iliyosema ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, iko chini ya gavana. Baada ya Uhuru gavana akaondoka, ardhi ikabaki pale pale, chini ya rais kwa niaba yetu. Mwaka 1963 hata wale wachache waliokuwa na hati za kumiliki moja kwa moja, wengi wao walowezi wenye mashamba ya mkonge na kahawa, hati zao zikageuzwa kuwa za kupanga kwa serikali. Umiliki wa mwananchi wa kawaida ulikuwa wa kimila: ni pako kwa sababu unapalima, baba yako alipalima, na majirani wakipita wanapaita kwa jina lako. Kwa kipimo hicho hakuna mtu katika Mwanza hii mwenye hati nzuri kuliko Mzee Saanane. Jina lake lilishika kiasi kwamba serikali ilipochukua ardhi ilishindwa kuchukua jina.

Hapa ndipo ninapogawanyika, na sitajifanya nina msimamo mmoja.

Simama juu kabisa ya kisiwa, pale mwamba unapoishia, tazama upande wa mji. Hakuna kilima kilichobaki wazi. Igogo, Mabatini, Bugarika, Kitangiri, nyumba zimepanda mpaka kwenye vichwa vya mawe, nyingine zimeegemea jiwe lenyewe kama ukuta wa nne. Mwanza ilitangazwa jiji mwaka 2000, na sensa ya 2022 ilikuta Nyamagana na Ilemela zina watu zaidi ya milioni moja kwa pamoja. Viwanja vya kupumzikia vya mjini vimeliwa na fremu za maduka. Ufukweni penye kuingilika bure pamekuwa pachache, ukitaka kukaa uangalie ziwa unaagiza soda. Kisiwa hiki kingebaki mikononi mwa mtu mmoja, wajukuu wangekuwa wameshakiuza zamani, na nisingewalaumu. Kingekuwa na hoteli ya ghorofa saba na geti. Furukombe anayelia pale juu ya mti, minandi wanaokausha mbawa kwenye mawe, kenge wanaokatiza njia, fisi maji ambao ukiwa na bahati unawaona asubuhi wakicheza, vyote vingekuwa habari ya kusimuliwa. Wenzetu wa Kisumu wametenga eneo lao la swala la Impala mwaka 1992, na Entebbe wana bustani yao ya wanyama tangu 1952. Mji wa ziwani usiokuwa na mahali kama hapo ni soko na stendi tu. Ningekuwa mkuu wa mkoa mwaka 1964, nadhani ningetia sahihi.

Na ningekuwa Mzee Saanane je? Umeondoa mawe kwa mikono, umejua kila kona ya upepo, unajua mwezi gani ningu wanapanda na jiwe gani linahifadhi unyevu mpaka Agosti. Halafu unakaa bara, jioni unaona twiga anatembea kwenye shamba lako. Nilimuuliza shangazi angejisikiaje. Akafikiri muda.

"Twiga ningetaka kumwona," akasema. "Lakini ningetaka waniite nije niwaonyeshe pa kumfunga."

Nimebaki na jibu hilo. Mwongozaji alituuliza maswali mengi wakati wa kushuka, mengine akaandika kwenye simu yake: marejea ni nini, luseni ni nini, kwa nini mtumbwi ufungwe upande huu. Alikuwa amesomea wanyama, na anawajua sawasawa. Nilimwona akiangalia lile jiwe la mgongo mpana mara ya pili.

Ombi langu kwa wanaohusika ni dogo na halina gharama. Kipande kimoja cha shamba, chini ya jiwe lile, hatua ishirini kwa ishirini. Muhogo, uwele, kunde, na uzio wa maana kwa ajili ya pimbi. Mtumbwi mmoja wa mbao ufukweni, upande unaotazama bara, usiwe wa plastiki. Na juu ya jiwe pana, wavu wa zamani umeanikwa, ili mwanafunzi wa Igogo anayekuja kuona swala aone kwanza mwenyeji wa swala alikuwa akiishije. Wavu ninao mimi. Ni wa nyuzi za pamba, umefumwa kwa mkono, niliachiwa dukani na mzee mmoja mteja wangu ambaye wanawe hawakuutaka, na kila anayetaka kuununua namwambia hauuzwi.

Mbegu za marejea shangazi amesema ataleta mwenyewe, pamoja na za uwele wa kwao. Ametoa masharti mawili: asimamie yeye upandaji, usije ukaachiwa watu wa ofisini wakapanda kwa kamba kama gwaride, na nauli ya meli kutoka Nansio, bandari ya Ukerewe, nilipe mimi, kwenda na kurudi.